Tuchague Inayofunguka: iPod ya Zamani na Iliyokuja Baada Yake

Wewe uliyeko jikoni, wewe uliyeko dukani, na wewe uliyeko ndani ya daladala au matatu ukirudi nyumbani, nakuomba dakika zako chache, maana mada ya leo inamgusa kila mpenda muziki, na inamgusa pia kila anayenunua kifaa kilichokwisha kutumiwa na mwingine. Tunazungumzia mashine ndogo ya kusikilizia muziki, ile ya kutia mfukoni na kuchomeka hedifoni. Swali letu ni hili: mtu akiwekewa mezani toleo la zamani na toleo lililokuja baada yake, achukue lipi? Na ili tusitaje vifaa kumi tukaishia kutokijua hata kimoja, tutashika kimoja tu, nacho ni iPod ya kampuni ya Apple ya Marekani.

Huenda ukauliza, mbona iPod, wakati Apple yenyewe ilitangaza Mei 2022 kwamba inaachana nayo? Hiyo ndiyo sababu ya kuichagua. Kwa kuwa kiwandani hazitoki tena, kila iPod unayoiona sokoni leo ni ya matoleo yaliyopita, na karibu zote zimekwisha kupita mikononi mwa mtu. Mnunuzi hawezi kujiambia kwamba atasubiri mpya zaidi ya mwakani. Kilichobaki kwake ni kulinganisha ya zamani na ile isiyo ya zamani sana, na matangazo ya biashara hayamsaidii tena, kwa sababu hakuna anayeitangaza. Hapo ndipo tunaweza kujifunza kuchagua kwa kupima wenyewe, bila kusukumwa na mwuzaji.

Kwanza tuzifahamu hizo zinazoshindana. iPod ya kwanza ilitangazwa tarehe 23 Oktoba 2001, ikiwa na diski ya GB 5 na ahadi ya kubeba nyimbo 1,000 mfukoni. Matoleo yakafuatana, lakini leo tunayataka mawili. La kwanza ni lile la tano, lililotoka Oktoba 2005, lenye uso wa plastiki, mgongo wa chuma kinachong'aa, na kioo kilichoweza kuonyesha video. Septemba 2006 toleo hilohilo lilifanyiwa marekebisho: kioo kikawa na mwanga zaidi, na ikaongezwa njia ya kutafuta wimbo kwa kuchagua herufi. La pili ni lile lililofuata Septemba 2007 na kupewa jina la iPod classic. Hili uso wake ni wa alumini, nafasi yake ni kubwa zaidi, na betri yake hudumu zaidi. Nalo lilirekebishwa, la mwisho likiwa la mwaka 2009 lenye GB 160, likaendelea kuuzwa hadi Septemba 2014. Kwa urahisi wa mazungumzo yetu, nitaita moja ya plastiki na nyingine ya alumini. Umezishika? Ya plastiki ni ya 2005 na 2006. Ya alumini ni ya 2007 hadi 2014.

Sasa mtu yeyote akitazama kwa haraka atasema, chukua ya alumini. Ni mpya zaidi, ina nafasi zaidi, inakaa na chaji zaidi. Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mimi hoja yangu ni tofauti, na nitairudia tena na tena hadi tuagane: katika kifaa kilichokwisha kutumika, toleo bora ni lile linalofunguka, likatengenezwa, likarudi kazini. Mwaka wa kutengenezwa unakuja nyuma ya hilo. Na kwa kipimo hicho, kwa wasikilizaji wengi, ya plastiki iliyorekebishwa mwaka 2006 inaishinda ndugu yake aliyezaliwa baadaye.

Kwa nini nasema hivyo? Tuangalie kinachoharibika. Ndani ya mashine hizi zote mbili kuna vitu viwili ambavyo vina mwisho. Cha kwanza ni betri ya lithiamu. Betri ya aina hii huchakaa kwa kutumiwa, na huchakaa pia kwa kukaa tu kabatini miaka na miaka. Cha pili ni diski inayozunguka, ndogo ajabu, yenye kichwa kinachosoma nyimbo kikiwa kimeachana na uso wa diski kwa nafasi finyu mno. Kifaa kikidondoka sakafuni diski ikiwa inazunguka, au miaka ikipita tu, diski hiyo huanza kulialia na mwisho hukataa kusoma. Basi jiulize, msikilizaji: unaponunua mashine ya mwaka 2006 au ya 2009, unanunua nini hasa? Unanunua betri iliyochakaa na diski iliyozeeka ndani ya kasha zuri. Tofauti ya miaka mitatu kati ya betri mbili kuukuu haina uzito. Zote mbili zitahitaji fundi. Kwa hiyo swali la maana ni kama fundi ataweza kuifungua bila kuiharibu.

Na hapa tusogee karibu tuone kazi yenyewe inavyofanyika. Ukiipeleka ya plastiki kwa fundi simu mwenye mkono mtulivu, atachukua kipande chembamba cha plastiki, kama vile wanavyotumia kufungulia simu, akipitishe kwenye mstari unaotenganisha uso na mgongo. Vishikizo vya ndani vitaachia kimoja baada ya kingine, kwa sababu plastiki hunyumbulika kidogo. Kisha atafungua taratibu kama mtu anayefungua kitabu, maana uso na mgongo bado vimeunganishwa kwa tepe mbili nyembamba za nyaya: mmoja wa betri, mwingine wa tundu la hedifoni. Kwenye ule wa betri kuna kikufuli kidogo sana ambacho lazima kiinuliwe kabla ya kuuvuta. Anayelijua hilo anamaliza salama. Anayevuta kwa nguvu anakata utepe au anang'oa kikufuli, na kazi inakuwa kubwa. Betri imegandishwa mgongoni kwa gundi, inabanduka, mpya inawekwa, kasha linafungwa. Tukija kwenye ya alumini, mambo yanabadilika. Hapo ni chuma kimebanwa ndani ya chuma, vishikizo ni vingi na vigumu, hakuna kinachonyumbulika. Mara nyingi mgongo hupinda wakati wa kufungua, na ukishapinda, kurudi sawasawa kama ulivyokuwa ni shida. Mafundi wazoefu huiweza, sikatai. Lakini kila ufunguzi ni hatari kwa kasha, na betri haitabadilishwa mara moja tu katika maisha ya mashine.

Kuna ushahidi mwingine, na huu unatoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Mwaka 2014 mkuu wa Apple, Tim Cook, alipoulizwa kwa nini iPod classic imeondolewa madukani, alieleza kwamba vipuri vyake vilikuwa havipatikani tena popote. Ebu tulifikirie hilo. Kampuni yenye uwezo kama huo ilikosa vipuri. Mimi na wewe tutavipata wapi? Jibu limepatikana kwa njia nyingine: watumiaji na mafundi wamebuni vibao vidogo vinavyokaa mahali pa diski, na juu ya kibao hicho unachomeka memori kadi ya kawaida. Memori kadi haina kinachozunguka, haiogopi kudondoka, hutumia umeme mdogo kuliko diski, na haichukui nafasi, hivyo ndani ya kasha panapatikana hata nafasi ya betri kubwa zaidi. Mashine iliyokwisha kufa inafufuka ikiwa na nguvu kuliko siku ilipotoka dukani. Ya plastiki inalipokea badiliko hili vizuri. Kwa upande wa alumini, zile za 2007 na 2008 zikiwekewa kadi huku zikiendeshwa na programu yake ya asili hukwama kwenye kikomo cha takriban GB 128. Ya 2009 haina kikomo hicho. Unaona basi kwamba hata ndani ya toleo moja, zile za mwanzo na ile ya mwisho zina tabia tofauti, na kusema tu "nataka la baadaye" hakutoshi.

Sasa najua kuna wasikilizaji wanaotikisa kichwa. Tuwasikilize, maana hoja zao zina nguvu. Wa kwanza anasema: mbona ya alumini ilitangazwa kudumu na chaji saa nyingi zaidi, 30 na kuendelea, wakati ndugu yake wa plastiki aliahidiwa 14 au 20 kutegemea ukubwa wake? Kweli kabisa. Lakini hesabu hizo ni za siku betri ilipokuwa mpya. Miaka imepita, na saa hizo zimekwenda na betri yenyewe. Ukishaweka betri mpya na memori kadi, ya plastiki nayo itakuimbia muda mrefu kupita ile ahadi ya mwanzo. Wa pili anasema: plastiki inakwaruzika, alumini ni imara. Hilo nalo ni kweli, na halina dawa zaidi ya kuivalisha kava. Uso wa plastiki unashika mikwaruzo haraka, na anayejali sura ya kifaa chake lazima alikubali hilo kabla ya kutoa pesa. Ila mkwaruzo hauzuii wimbo kusikika. Betri iliyokufa ndani ya kasha lisilofunguka inazuia.

Wa tatu ana hoja ya sauti, na hii ndiyo inayozua mabishano makali kati ya wapenzi wa muziki. Ya plastiki ina kijichipu cha kutoa sauti kilichotengenezwa na kampuni ya Wolfson ya Edinburgh, Uskochi. Ya alumini ina cha Cirrus Logic ya Marekani. Wako wanaoapa kwamba cha Wolfson kina sauti ya joto zaidi, na wako wanaoapa kwamba cha Cirrus ni safi zaidi. Nami nasema tusiamue kwa hoja hii, hata kama inaisaidia ile ninayoitetea. Tofauti kati ya vijichipu hivi viwili ni ndogo mno ukilinganisha na tofauti inayoletwa na hedifoni unazovaa, na ubora wa faili ulilotia ndani. Wimbo uliobanwa mpaka ukapoteza uhai wake hautaokolewa na kijichipu chochote. Mwenye pesa za ziada azielekeze kwenye hedifoni nzuri.

Wa nne, na huyu ndiye wengi wetu: ya nini yote haya, na simu ninayo mkononi? Msikilizaji, kama simu inakutosha, usinunue chochote. Hilo nalisema kwa moyo mweupe. Anayesikiliza nyimbo mpya kwa bando lake, akafurahi, hana deni la iPod kwa mtu. Ila fikiria mwingine. Fikiria mtu mwenye taarabu na nyimbo za bendi zilizohamishwa kutoka kwenye kaseti, rekodi zilizofanywa Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya nyuma, qaswida za msikitini kwao, kwaya ya kanisa lao. Mengi ya hayo hayapo kwenye huduma za muziki za intaneti, au yapo nusunusu. Huyo ana maktaba yake mwenyewe, na maktaba inahitaji rafu yake. Simu ikijaa picha na video, cha kwanza kufutwa ni nyimbo. Betri ya simu nayo unaihitaji kwa kupiga, kutuma na kupokea pesa. Mashine ya muziki peke yake haipokei ujumbe, haikatishi wimbo katikati, na haili bando.

Na akija wa tano akasema, basi ninunue mpya kabisa ya kampuni nyingine? Nazo zipo. Sony, waliouanzisha ulimwengu wa Walkman mwaka 1979, bado wanatengeneza. Toleo lao la NW-A306 la mwaka 2023 lina Android, linaingia kwenye intaneti, lina tundu la memori kadi na linachajiwa kwa waya wa USB-C kama simu za sasa. Ni kifaa kizuri. Lakini kipime kwa kipimo kilekile: betri yake imefungiwa ndani, na itazeeka kama nyingine zote. Siku hiyo ikifika, nani ataifungua, na betri yake itapatikana wapi? Mwenye jibu zuri anunue kwa amani. Asiye na jibu ajue kwamba ananunua miaka michache.

Jambo lingine la kuzingatia ni njia ya kuingizia nyimbo. iPod, ya plastiki na ya alumini, haikubali umwage nyimbo kama unavyofanya kwenye flashi ukategemea izicheze. Inataka kompyuta yenye programu ya iTunes, au kwa watumiaji wa kompyuta za Mac zenye mfumo wa tangu 2019, inashughulikiwa na programu ya Finder. Kwa mtu asiye na kompyuta nyumbani, hili ni kikwazo cha kweli, na ni heri alijue mapema. Nafuu ipo: kuna programu ya bure iitwayo Rockbox, iliyoandikwa na watu wanaojitolea, ambayo huwekwa ndani ya iPod. Ukiwa nayo, unanakili mafolda ya nyimbo moja kwa moja, na mashine inacheza hata mafaili ya FLAC ambayo programu ya Apple ya asili haiyachezi. Inafanya kazi kwa ya plastiki na kwa ya alumini pia, kwa hiyo hapa hakuna mshindi. Nimeitaja kwa sababu inathibitisha hoja yetu kutoka upande mwingine: kifaa kinachoruhusu wengine kukifungua, kwa bisibisi au kwa programu, ndicho kinachoishi baada ya kiwanda kufunga milango. Ndivyo cherehani za zamani zinavyoendelea kushona kwenye vibaraza vyetu: zinafunguka, na spea zake zinajulikana.

Je, ina maana ya alumini isinunuliwe kamwe? Hapana, na hapa naomba nieleweke. Kama hauko karibu na fundi unayemwamini, kama hutaki kabisa habari ya kufungua, na umepata ya 2009 ambayo diski yake inazunguka kimya na betri bado inakaa, ichukue uitumie jinsi ilivyo. Itakuhudumia. Ila uichukue ukijua kwamba siku ya matengenezo itakuwa ngumu zaidi. Ninachokataa ni kuichagua kwa sababu moja tu, kwamba ilikuja baadaye.

Basi ukiwa mbele ya mwuzaji ufanye nini? Chomeka hedifoni usikilize masikio yote mawili. Zungusha kidole kwenye gurudumu uone kama orodha inakwenda bila kuruka. Sogeza mashine sikioni wimbo unapoanza: ukisikia diski inagonga tiki-tiki tena na tena, ujue imechoka, na bei lazima ishuke kwa kiasi cha kibao na kadi. Tazama mstari kati ya uso na mgongo. Ukiona pameachana au kioo kimesukumwa juu, huenda betri imevimba. Betri iliyovimba haichajiwi, haitobolewi, na haitupwi motoni, hupelekwa kwa fundi itolewe kwa uangalifu. Kwa ya plastiki, fungua menyu ya muziki. Ukikuta sehemu ya kutafuta wimbo, hiyo ni ile ya 2006, na ndiyo ninayoipendekeza. Kama nyimbo zako ni nyingi mno, tafuta yenye mgongo mnene ya GB 80, kwa sababu ina kumbukumbu ya kufanyia kazi mara mbili ya ile ya GB 30, na ina nafasi ya betri kubwa.

Wasikilizaji wangu, tufunge hesabu. Tumesema betri na diski zina mwisho, kwa hiyo anayenunua kilichotumika ananunua matengenezo yajayo. Tumesema ya plastiki hufunguka kwa usalama zaidi, na hupokea memori kadi bila taabu. Tumekubali kwamba ya alumini ni imara kwa nje, na kwamba ya 2009 inamfaa asiyetaka kufungua. Na tumesema sauti isiwe sababu ya ugomvi. Kubwa kuliko yote ni lile nililoahidi kulirudia: toleo bora ni lile linalofunguka. Kipimo hiki hakiishii kwenye iPod. Kitumie unaponunua simu, redio, hata feni. Kabla ya kuuliza kimetoka lini, muulize mwuzaji kinafunguliwaje na spea zake zinapatikana wapi. Wateja wengi wakiuliza hivyo kila siku, wauzaji watalazimika kutafuta majibu, na wanaowaletea bidhaa watalisikia.